Siku nne Istanbul: anza na kalenda

Wengi wanaopanga kwenda Istanbul kutoka Dar huanza na bei ya tiketi, kisha hoteli, na ratiba huachwa ijipange yenyewe huko huko. Kwa safari ya wiki mbili hilo halina shida. Kwa siku nne, linaweza kukunyima nusu ya mji. Soko kuu la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, kasri la Dolmabahçe Jumatatu, na kasri la Topkapı Jumanne. Ukifika Jumapili na kuondoka Jumatano asubuhi, kila siku utakuta mlango mmojawapo umefungwa. Kwa hiyo tafuta tiketi ya kufika Jumatano na kurudi Jumapili jioni au Jumatatu, hata ikizidi bei kidogo.

Kabla ya tiketi kuna viza. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania anaihitaji. Kama tayari una viza ya Schengen, Uingereza, Marekani au Ireland ambayo haijaisha muda, au kibali cha ukaazi cha huko, kuna njia nyepesi: viza ya mtandaoni ya kuingia mara moja. Soma masharti yake siku ile ile unayoomba, maana hubadilika, na hakikisha anwani ya tovuti inaishia na gov.tr. Tovuti za kuigiza zipo nyingi, na zinatoza zaidi. Asiye na viza hizo huomba kupitia ubalozi wa Uturuki hapa Dar: fomu, taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, bima ya safari, hoteli na mpango wa ndege. Kinachowaponza wengi ni akaunti iliyolala miezi mitatu halafu ikaingiziwa milioni kadhaa wiki ya maombi. Afisa anaona, na anajiuliza fedha hizo ni za nani. Usilipie tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza haijatoka, na pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita.

Ndege ya moja kwa moja hutumia saa saba na kidogo. Angalia sana tarehe ya kuondoka. Tiketi ikiandikwa Jumatano saa 03:50, maana yake ni saa tisa na dakika hamsini usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, na uwanjani unatakiwa uwepo usiku huo huo wa Jumanne, kabla ya saa saba. Wengine wakisoma Jumatano hudhani ni usiku unaofuata mchana wa Jumatano, ndiyo maana kuna watu hufika Jengo la Tatu la uwanja wetu siku nzima baada ya ndege yao kuondoka. Ukishatua huna haja ya kurekebisha saa yako: Istanbul na Dar zina saa moja mwaka mzima.

Hoteli ilipie ungali Dar. Booking.com haikuruhusu kuweka hoteli za Uturuki ukiwa ndani ya Uturuki, na wanaodhani watabadilisha hoteli wakifika hukwama hapo. Kwa mgeni wa siku chache, lala karibu na njia ya tramu ya T1, kati ya Laleli na Karaköy. Sultanahmet kwenyewe kuna makumbusho mengi lakini chakula ni ghali. Sirkeci ni hatua chache tu na bei zake zina huruma zaidi.

Uwanja mpya wa ndege uko mbali, takriban kilomita 40 kutoka mji wa kale. Ukiwa na begi moja, panda metro ya M11 hadi Gayrettepe, tembea njia ndefu ya chini ya ardhi (ndefu kweli), kisha M2 kuelekea Yenikapı, ushuke Vezneciler. Kituo cha tramu cha Laleli kiko karibu na hapo. Ukiwa na mabegi mawili makubwa, chukua basi la Havaist. Vyovyote iwavyo, nunua Istanbulkart kwenye mashine. Kadi hiyo inalipia metro, tramu, mabasi na feri za umma. Tumia noti ndogo, kwa kuwa mashine nyingi hazirudishi chenji. Noti yote huingia kwenye kadi. Kwenye treni ya Marmaray, inayopita chini ya bahari tangu 2013, kadi hukatwa nauli ya safari ndefu kwanza. Ukitoka, igusishe kwenye mashine ya kurudishia fedha iliyopo njiani. Ukiipita tu, umelipia safari ambayo hukuifanya.

Alhamisi iwe ya Topkapı, asubuhi mlango unapofunguliwa. Tenga saa tatu, na chumba cha mabaki matakatifu, yakiwemo yanayohusishwa na Mtume, ukifikie mapema kwa sababu foleni yake hukua haraka. Kisha nenda Ayasofya. Jengo hilo la mwaka 537 lilirudi kuwa msikiti mwaka 2020, na tangu Januari 2024 watalii wa kigeni wana mlango wao, hulipa euro 25 na kupanda ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali huingia ukumbi wa chini bila malipo kwa mlango mwingine. Kinamama wabebe mtandio. Kwa vazi la kawaida la Mswahili hakuna kitakachohitaji kubadilishwa.

Ijumaa misikiti mikubwa huwafungia watalii hadi baada ya swala, kwa hiyo anayeswali apange Ijumaa yake Süleymaniye, kazi ya Sinan, msanifu majengo wa masultani, iliyokamilika 1557. Kwangu mimi huo ndio msikiti mzuri kuliko yote mjini, na bustani yake inatazama Haliç, mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji. Mchana huo vuka kwenda Asia. Feri ya umma kutoka Eminönü hadi Kadıköy ni kama pantoni ya Kigamboni kwa namna watu wanavyoitumia kila siku, ila hii huchukua dakika 20 na zaidi, na ndani kuna chai. Mawakala watakaokuita pale gatini wanauza safari za watalii kwa bei ya juu zaidi. Bahari ni ile ile. Soko la chakula la Kadıköy linatosha kwa jioni nzima.

Jumamosi ni ya kununua. Kapalıçarşı ni pazuri kwa macho, lakini mfanyabiashara wa Kariakoo anayetafuta nguo za jumla aende Laleli, Osmanbey au Merter. Huko bei hutajwa kwa seti ya saizi, si kwa kipande, na maduka mengi hufungwa Jumapili. Uliza kwanza seti ina vipande vingapi ndipo upatane bei. Jumapili asubuhi ibaki kwa Dolmabahçe.

Shilingi yetu hutaibadilishia huko. Beba dola au euro, badilisha kidogo sana uwanjani na nyingine kwenye maduka ya fedha ya karibu na Kapalıçarşı au Sirkeci. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza lira au dola, chagua lira. Ukichagua dola, wenye mashine ndio wanaopanga kiwango, na hakitakufaa. Adapta ni lazima, kwa kuwa soketi zao ni za pini mbili za mviringo. Kwenye nguo, Januari ni baridi ya nyuzi 6 hivi, yenye mvua na wakati mwingine theluji. Koti la hapa la msimu wa mvua halitoshi. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kutembea kwa raha.

Ukinunua kwenye duka lenye alama ya kurudisha kodi, omba fomu palepale huku ukionyesha pasipoti. Siku ya kurudi, pitia forodha upate mhuri kabla hujakabidhi begi kwenye kaunta ya ndege, maana afisa anaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe, na begi likishaondoka kwenye mkanda huna cha kumwonyesha.