Siku tulipong'oa seng'enge Hart Mountain

Watu wakisikia Oregon, Marekani, wanafikiria mvua na misitu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo miaka yote niliyokaa Portland, mpaka mwenzangu wa kazini akaniambia twende hifadhi ya wanyama ya Hart Mountain, kusini mashariki mwa jimbo, tukang'oe seng'enge. Unaendesha siku nzima, miti inaisha, unabaki na vichaka vya kijivu jamii ya pakanga, mawe na anga. Ni jangwa la baridi, tulikuwa Juni na bado usiku maji ya chupa yaliganda.

Hiyo hifadhi iliwekwa 1936 kwa ajili ya mnyama anaitwa pronghorn. Wenyeji wanamwita swala lakini si swala, ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi, na mimi mtu wa Kitengela, Kenya, kusikia hivyo nilifurahi sana. Anakimbia karibu kilomita 90 kwa saa, lakini mwekee waya wa kimo cha kifua tu na anasimama hapo hapo. Kuruka si desturi yake, tambarare alikozoea hakukuwa na cha kuruka, kwa hiyo anajikunja apite chini, na waya wa chini ukiwa karibu na ardhi na una miiba basi ama anachanika mgongo ama anarudi alikotoka, hata kama maji yako ng'ambo.

Ng'ombe waliondolewa mle hifadhini miaka ya 1990, ua wa seng'enge ukabaki. Hapo ndo ONDA, chama cha kutetea jangwa la Oregon kilichoanza 1987, kikaungana na serikali inayosimamia hifadhi, wakawa wanaleta watu wa kujitolea msimu baada ya msimu kuutoa.

Kazi yenyewe ni ngumu jamani. Waya uliokazwa miaka yote hiyo ukiukata unaruka nyuma kwa kasi, ndo maana anayekata anapaza sauti kwanza na wote mnarudi nyuma. Wengine wanafungua vile viwaya vya kufungia kwenye nguzo za chuma kwa koleo, wengine wanang'oa nguzo, mimi nikapewa kukunja. Mama mmoja mwalimu mstaafu, umri wa bibi yangu, akanionyesha: unatengeneza pete ya kwanza, unaikanyaga kwa buti, halafu unazungusha waya ukiingiza juu chini juu chini ili usifunguke. Glavu za ngozi na bado miiba ilipenya.

Mahali fulani akaniita nione. Kwenye waya wa chini, mwiba baada ya mwiba, kulikuwa na manyoya ya pronghorn, meupe kwenye shina na kahawia nchani, mazito. Ukiukunja unyoya unavunjika, maana ndani ni mtupu, ndo unamkinga na baridi. Na pembeni ya ua kulikuwa na njia iliyochimbika kwa kwato, wanyama wametembea wakitafuta pa kupita, ua ambao haukuwa unamzuia ng'ombe hata mmoja tena.

Nilikasirika, sitaficha, kwa sababu kwetu ndo kwanza tunaujenga. Nyumbu waliokuwa wakitoka Nairobi National Park kwenda nyanda za Athi-Kapiti msimu wa mvua wamepungua vibaya, ploti na waya zimewafungia njia. Mradi ulioanza 2000 ulilipa familia dola 4 kwa ekari kwa mwaka zisiweke ua, ni wazo zuri sana, ila bei ya shamba ilivyopanda dola 4 utamwambia nani?

Niliporudi Portland nikampigia baba mdogo, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Sasa simba akija kwa mbuzi zangu?" Swali la haki kabisa. Nikamwambia boma la usiku alizungushie vizuri, aliimarishe apendavyo, ila malisho aache wazi. Tulibishana mpaka salio likaisha. Boma amelizungushia waya, upande wa malisho hajaweka, na kila nikipiga simu namuomba asiweke.