Mtungi wa namba 6

Kuna mtungi mdogo nauning'iniza ubavuni nikienda kuzamia baharini, nimeuandika namba 6 kubwa mbele na nyuma, mwenzangu anaisoma hata akiwa mbali kidogo. Ndani mna oksijeni tupu, asilimia mia, na hiyo 6 ni mita 6, ndo kina cha mwisho unaruhusiwa kuivuta. Wageni wakiniona naupakia kwenye boti hapa Diani wanashangaa, kwani hiyo mingine ina nini? Hiyo mingine ni hewa jamani, hii hii tunayovuta huku juu, imeshindiliwa na kompresa, na tukienda chini sana inachanganywa na heliamu ili kichwa kisilewe.

Sasa kwa nini ubebe mzigo wote huo. Ukikaa mita 50 chini, presha inasukuma naitrojeni iingie kwenye damu na minofu, na ukipanda mbio mbio inatoka kwa mapovu, hapo unaweza kuishia na maumivu ya viungo au mwili kupooza kabisa. Ndo maana tunasimama simama njiani, ile tunaita deko. Shida ni kwamba ukisimama mita 6 ukivuta hewa ya kawaida, naitrojeni bado inaingia na presha ya bar 1.26 (bar 1 ni kama presha ya hewa huku juu) huku ile ya mwilini inatafuta kutoka, ni sawa na feri ya Likoni watu wanashuka na wengine washaanza kupanda. Ukiweka oksijeni mdomoni hakuna anayepanda tena. Kwa dive ya kina kirefu hiyo stopu ya mwisho inaweza kupungua hata karibu nusu, kutegemea umekaa chini kiasi gani.

Uzuri umeishia hapo.

Jamaa mmoja Mfaransa, Paul Bert, aliyaandika yote mawili kwenye kitabu kimoja mwaka 1878, kwamba naitrojeni ndo inaleta yale mapovu na kwamba oksijeni ikizidi presha inaleta degedege. Alafu wakati wa vita vya pili vya dunia daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Kenneth Donald, akawapima wazamiaji wa kijeshi kwa mamia. Kuna mmoja alikuwa anashushwa kwenye mita kama 21 na oksijeni tupu, siku tofauti tofauti ndani ya miezi mitatu. Siku moja alivumilia dakika 7 tu dalili zikaanza, siku nyingine alifika dakika 148. Mtu yule yule, kina kile kile! Kwa hiyo akija mtu akakwambia "mi oksijeni mwili wangu umeizoea", mwache aende na buddy mwingine. Dalili zenyewe ni kama midomo kuchezacheza, macho kuona kama uko ndani ya bomba, masikio kuvuma, kichefuchefu, lakini mara nyingi hata hazitangulii, ni degedege moja kwa moja, regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa, inatoka mdomoni na unakufa maji.

Na hiyo mita 21 niliitaja makusudi. Sisi huwa tunabeba mtungi mwingine wa naitroksi ya 50, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka asilimia 50, huo unaandikwa 21 kwa sababu ndo kina unaanza kuutumia ukipanda. Kwa hiyo uko mita 21, una mitungi miwili ya kufanana ubavuni, umechoka, kichwa bado kizito kutoka chini, ukichukua regulata ya ule wa 6 kwa bahati mbaya unavuta oksijeni kwa presha ya bar 3.1. Umejiingiza kwenye jaribio la Donald na hakuna daktari.

Mi nilisomea haya Dahab kule Misri, pale Blue Hole, na mwalimu alikuwa mkali kwa kubadilisha mtungi kuliko kitu kingine chochote. Unafika kina chako, unatulia kwanza, huelei juu chini. Unasoma kompyuta ya kuzamia, ile inayokuonyesha kina na deko. Unamwonyesha mwenzako maandishi ya mtungi. Alafu unafungua valvu, na hiyo valvu muda wote ilikuwa imefungwa ili usije ukavuta bila kujua, unashika hozi pale inapotokea kwenye mtungi unaifuata kwa vidole taratibu mpaka kwenye regulata, hata kama unaiona kwa macho, vidole havidanganywi na hozi zilizopishana. Mwenzako anaifuata pia, anaangalia namba, anaangalia kina, anakupa okei. Ndo unaiweka mdomoni, na yeye anakutazama usoni kwa muda kabla hajaanza ya kwake. Inachosha na inaonekana ushamba mbele ya watalii wanaopita juu na snokeli, lakini hakuna njia ya mkato.

Kingine ambacho vitabu vya maziwa na mapango haviongelei sana ni mawimbi. Mita 6 kwenye pango la Florida ni mita 6. Huku kwetu wakati wa kusi umening'inia chini ya boya na bahari inakupandisha na kukushusha, unajikuta mita 7, bar 1.7, alafu unapiga mapezi kurudi, na kujichosha kunaongeza hewa chafu mwilini ambayo inaileta degedege karibu zaidi. Jedwali la NOAA, shirika la Wamarekani la bahari na hali ya hewa, linakupa dakika 45 za kuvuta oksijeni kwa bar 1.6 lakini kwa bar 1.4 linakupa 150, angalia hiyo tofauti, yaani mita mbili tu. Ndo maana mi nikibadilisha pale 6 na bahari imechafuka napanda kidogo nakaa kwenye 4 na nusu hivi. Na kila dakika 20 narudi kwenye hewa kwa dakika 5 kupumzisha mwili, kompyuta iseme isiseme.

Ugomvi wangu mkubwa ni na hawa vijana wanaopanga dive kana kwamba oksijeni haiwezi kukosekana. Wanaona programu imefupisha deko basi wanaongeza muda wa kukaa chini. Sasa regulata ikianza kuvuja gesi yote pale mita 6, au valvu ikagoma? Deko yako yote inabidi uimalizie kwa gesi uliyobaki nayo, na kama hukuweka akiba unachagua kati ya kukosa hewa na kupanda na mapovu. Mi napanga nikiwa nimeshaipoteza oksijeni kichwani, nikiwa nayo basi ni faida.

Huko juu pia kuna kazi. Mtungi wa oksijeni haupakwi grisi ya kawaida hata kidogo, na valvu inafunguliwa polepole sana, manake ukiifungua kwa fujo gesi inapata joto ghafla na uchafu kidogo tu unatosha kuwaka. Nahodha naye lazima aelewe kwamba boya likitokea hatutokei nalo, alifuate na mkondo asiliache.

Ukitoka, usipande ngazi na mitungi yote mgongoni, mpe kijana wa boti, wewe elea tu kwanza. Na oksijeni iliyobaki haimwagwi mpaka tufike ufukweni. Nimewasikia wavuvi wa jongoo bahari wakisema mtu akianza kuumwa bega wanamrudisha chini na hewa ya kawaida mpaka maumivu yaishe, yanaisha kweli kwa muda lakini naitrojeni inaongezeka. Mlaze chini, mpe oksijeni asilimia mia hapo hapo kwenye boti, na mpige simu mkiwa bado baharini kuuliza ni wapi kuna chemba ya presha ya kumtibu inayofanya kazi siku hiyo.