Pete Inayong'aa Juu ya Kitako

Hapa Montana ninakoishi, kujijazia risasi za kuwindia, yaani kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, ni jambo la kawaida. Msimu uliopita, nilipokuwa nikisafisha maganda ya bunduki yangu ya .30-06 (aina ya risasi za kuwindia), niliona kwenye ganda moja, kama sentimita moja juu ya kitako, mstari mwembamba uking'aa kulizunguka lote. Nilinyoosha klipu ya karatasi, nikaikunja ncha yake iwe ndoana, nikaiburuta kwa ndani kutoka chini kwenda juu. Ilipofika penye mstari ule ikakwama kwenye mfereji, ishara kwamba shaba imekonda na kwamba ganda lingeweza kukatika vipande viwili likifyatuliwa tena, gesi ya moto ikarudi usoni kwangu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeishusha kupita kiasi kalibu, yaani chuma kinacholibana ganda lirudi umbo lake, hivyo kila mara ililirudisha nyuma mno bega la ganda (pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni), nalo likifyatuliwa hutanuka mbele kuijaza chemba ya bunduki na kujivuta palepale juu ya kitako. Sasa napima bega kwa kalipa yenye geji kabla na baada ya kulibana ganda, nikiridhika na tofauti ya milimita 0.05 hivi.

Shingo zinazopasuka ni suala jingine: shaba iliyobanwa na kutanuliwa mara nyingi hukakamaa, na kinga yake ni kuipasha moto shingo na bega, kamwe si kitako. Vibonyeo begani mara nyingi huletwa na mafuta mengi kwenye kalibu.

Ganda lile nililiminya kwa koleo lisichanganyike na mazima. Mengine 19 ya boksi lile nayo niliyatupa, ingawa roho iliniuma.