Umeme Mdogo Una Sheria Zake: Nilivyoielewa Ibara ya 725

Mtu akikuambia "hiyo ni volti 12 tu, funga unavyotaka," usimsikilize. Mimi niliambiwa hivyo na mafundi wazoefu kabisa tangu nilipoanza kufunga kamera, kengele za mlango na taa za LED hapa Minnesota. Nilipoanza kusomea leseni ya fundi wa umeme mdogo, ambayo jimbo hili huitoa mbali na ile ya fundi umeme wa kawaida, nikaikuta Ibara ya 725 ya NEC, kanuni za umeme za Marekani, inasema mengine.

Kilichonifumbua macho ni kuanza kusoma kwenye chanzo cha umeme badala ya kwenye waya. NEC huzigawa saketi kwa madaraja, na volti peke yake haziamui daraja la saketi. Kinachoamua ni kifaa kinachoilisha: je, kimethibitishwa kwamba hata nyaya zikigusana hakitoi nguvu ya kuwasha moto? Pawa saplai ya Daraja la 2, yaani kifaa cha kulisha kilichothibitishwa hivyo, huandikwa "Class 2" ubavuni. Chini ya volti 20, mwisho wake ni ampea 5. Kwa volti 24, mwisho ni VA 100 (volti mara ampea, hapa chukulia kama wati). Ndiyo maana za volti 12 huishia wati 60, na zile za volti 24 utazikuta nyingi ni wati 96. Miaka yote naziona dukani, hakuna aliyewahi kunieleza!

Sasa kuna jiko moja Minneapolis. Taa za chini ya makabati zilikula kama wati 100, volti 12. Fundi aliyetangulia alifunga pawa saplai moja ya wati 300, kisha akapitisha ukutani waya mwembamba wa kengele. Mkaguzi akakataa. Fundi yule akarudi na saplai mbili za wati 60, zote Daraja la 2, lakini nyaya zake za kutolea umeme akazifunga pamoja. Ikakataliwa tena, na kwa haki: ukiziunganisha hivyo umerudisha nguvu ile ile iliyozuiwa, labda ziwe zimeidhinishwa kwa kazi hiyo. Nilipoitwa mimi, nilizigawa taa mafungu mawili, kila fungu na saplai yake na waya wake wa CL2, yaani ulioidhinishwa kwa Daraja la 2, bila kukutana popote. Vifaa havikufika dola mia mbili, na mkaguzi alipitisha palepale. Nilifurahi sana siku ile.

Nyaya hizi usizichanganye na za volti 120 kwenye boksi moja bila kizuizi katikati. Zikilazimika kuingia pamoja kwa ajili ya kifaa kimoja, ziachane angalau robo inchi. Maofisini, ambako nafasi ya juu ya dari hupitisha hewa ya kiyoyozi, tafuta CL2P, waya wa Daraja la 2 ulioidhinishwa kwa nafasi kama hiyo. CL3P, mwenzake wa Daraja la 3, inaweza kukaa mahali pake, ila CL2P haiwezi kukaa mahali pa CL3P.

Na kama unajisomea kwa vitabu vya zamani, toleo la 2023 limehamishia Daraja la 1 kwenye Ibara ya 724, na habari za kebo 722. Iliyobaki 725 ni Daraja la 2 na la 3, na hilo la 3 linazuia moto lakini volti zake zinaweza kukupiga shoti.