Mbegu za tufaha mwitu: nilizichemsha kwanza, kisha nikaziweka kwenye friji

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, nilifanya kazi kwenye kitalu cha miti karibu miaka mitatu. Kujaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, kumwagilia asubuhi na jioni, kuhesabu miche. Kwa hiyo nilipohamia Iowa, Marekani, na kuona vichaka vya matufaha mwitu kandokando ya mashamba ya mahindi, vimejaa maua ya waridi mwezi Mei na harufu inakufuata hadi ndani ya gari, sikuwaza hata kidogo kwamba mbegu yake ingenishinda. Ilinishinda.

Tufaha lenyewe ni dogo, halizidi sana kokwa ya embe dodo iliyokatwa nusu. Hata likiiva linabaki kijani chenye manjano, ngozi yake inateleza kama imepakwa mafuta, na ukiling'ata uso unakunjamana. Wataalamu wanaliita Malus ioensis, yaani limepewa jina la jimbo hili. Binti yangu aliposikia jina lake la Kiingereza, crabapple, na crab ni kaa, aliuliza kama lina magando.

Sasa kosa langu. Kitaluni tulikuwa tukiotesha mlusina, mti wa malisho na kuni, kwa maji ya moto. Unamimina maji yaliyochemka juu ya mbegu, unaziacha zipoe humo usiku kucha, asubuhi zimevimba, unapanda. Kichwani mwangu hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya kila mbegu ngumu. Oktoba 2017 nikaokota matufaha, nikatoa mbegu 60, nikaziacha zikauke dirishani majira yote ya baridi. Aprili nikazimwagia maji ya moto, nikazipanda, nikakaa wiki sita nikimwagilia udongo mtupu. Nilipofukua nikakuta uji mweusi ndani ya maganda.

Mzee mwenye shamba, yule aliyeniruhusu kuokota matunda kwenye uzio wake, alicheka hadi akaegemea trekta. "Umezipika?" Halafu akanieleza jambo ambalo kitaluni hakuna aliyewahi kulihitaji. Mlusina umefungwa kwa nje: ganda ni gumu, maji hayaingii, ndiyo maana unalichokoza kwa moto. Tufaha ganda lake ni laini, maji yanapita. Kilicholala ni kiini chenyewe, na kiini hakiamki mpaka kikae kwenye unyevu na baridi kwa miezi. Ukifikiri utaona ni akili. Tunda linaanguka Oktoba. Mbegu ingeota papo hapo, mche wa majani mawili ungekutana na Januari ya Iowa, na mimi niliyevaa makoti mawili naijua Januari hiyo.

Mwaka uliofuata nilianza upya. Kila tunda lina vyumba vitano, na kwa kawaida kila chumba kina nafasi ya mbegu mbili, lakini mara nyingi unakuta tatu au nne tu zilizojaa. Niliziosha vizuri sana, kwa sababu nyama ya tunda ikibaki huzuia mbegu kuota na huleta ukungu. Nikazitia kwenye bakuli la maji, zilizoelea nikazitupa. Zilizobaki zilikuwa 84. Sikuzikausha tena. Nikazichanganya na mchanga uliolowana kiasi kwamba ukiufumbata unashikana lakini hautoi tone, nikatia kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu madogo, nikauweka kwenye friji, nyuzi 4, pembeni ya sombe, yaani kisamvu.

Mama watoto hakupenda. "Wewe baba watoto, friji ni ya chakula au ya mchanga?" Ilibidi niandike juu ya mfuko kwa herufi kubwa kwamba si chakula, na si kwa ajili ya utani tu: mbegu za tufaha zina kemikali ambayo ikitafunwa hutoa sianidi. Mbegu moja mbili hazimdhuru mtu mzima, lakini sikutaka mtoto achote konzi.

Kila Jumapili nilifungua mfuko, nikanusa, nikatazama. Mara mbili niliona ukungu mweupe nikazisuuza na kubadilisha mchanga. Watu wa hapa wanasema siku 60 hadi 120. Kwangu mzizi wa kwanza, mweupe kama jino la mtoto, ulichomoza siku ya 97, humo humo gizani ndani ya friji. Baada ya hapo zikafuatana kama watu waliosikia kengele. Zilizoota zikawa 51.

Viriba sikuvipata madukani. Nikatumia maboksi ya maziwa, yale marefu ya karatasi, nikiyatoboa chini. Nadhani ni bora kuliko makopo ya plastiki yanayouzwa, maana mtufaha hutangulia kushusha mzizi mrefu kabla haujajali majani, na kwenye chombo kifupi mzizi unajikunja na kuzunguka. Mbegu nilizifukia sentimita moja hivi, mzizi ukitazama chini.

Halafu kikaja kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga. Hicho nakijua vizuri, nimezika miche yake mara nyingi Kigoma, na bado kilinikuta nimelala. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kiwandani, nikirudi alfajiri namwagilia kwa huruma, kila siku, hata udongo ukiwa bado umeloa. Mche unasinyaa shingoni pale unapotoka ardhini, unalala chali, basi. Ilikufa 14 ndani ya siku tano. Nikaacha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke, nikawasha feni ndogo ipepee, ikatulia. Ikabaki 37.

Katikati ya Mei, baridi ya mwisho ilipopita, nikaizoesha nje kidogo kidogo: saa moja kivulini, kesho mbili. Mingine 15 niliwagawia watu wa kanisani kwetu na jirani mmoja. Iliyobaki 22 ikaenda ardhini msimu wa vuli, minne uani kwangu, mingine kwenye uzio wa yule mzee, maana mti huu unaweza kufika mita 8 na uwanja wangu ni wa kutandika mikeka miwili.

Sungura niliwadharau. Majira ya baridi ya kwanza walikata miche 9 kwa mshazari, safi kabisa, utadhani mtu amepita na mkasi wa kupogolea. Sita ilichipua tena kutoka chini, mitatu ikafa. Tangu hapo kila mche una kizimba cha waya wa matundu madogo, umefukiwa sentimita kadhaa, kwa sababu panya wa shambani hupita chini ya theluji wakatafuna gome kuzunguka shina, na wewe hujui mpaka Aprili.

Adui mwingine sijamshinda: kutu. Majani yanatoka madoa ya rangi ya machungwa kila Juni. Ugonjwa huu unahitaji miti miwili ili uishi, huu wa tufaha na mmoja wa jamii ya mtarakwa, ambao hapa wanauita mwerezi mwekundu. Kwenye huo mwerezi unaota vinundu vya kahawia, na mvua ya masika ikinyesha vinatoa ndimi za ute wa machungwa. Siwezi kukata miti ya majirani. Nafagia majani, nanyamaza.

Ninachokifurahia zaidi ni kwamba hakuna miche miwili inayofanana. Mingi ina miiba na majani yenye manyoya meupe chini, kama mama yao. Miwili ina majani laini mapana, na nina hakika nyuki walipitia kwanza kwenye matufaha ya kawaida ya bustani ya mzee. Ndivyo mbegu ya tufaha ilivyo, haikurudishii mama. Jimbo la jirani, Minnesota, miaka ya 1860 mkulima Peter Gideon alikuza mbegu za tufaha dogo zilizotoka Maine. Mche mmoja ukahimili baridi na kuzaa matunda mazuri ya kula, akauita Wealthy, jina la mkewe. Mimi sitegemei hilo. Nikitaka tufaha la kula nitabebesha, yaani niunge kikonyo cha mti mzuri juu ya mche, au nitanunua.

Mei mwaka huu mmoja wa ile miwili ulitoa maua manne. Niliwaita wote nyumbani watoke nje. Mama watoto aliinama akanusa, akasema lini tutakula, nami nikamwambia yameshaanguka mawili. Hayo mengine mawili yalianguka Jumamosi, kwa upepo.