Hapa ngazi, hapa mkeka

Natembea na gongo toka nikiwa mdogo, kwa hiyo nikisoma historia yoyote ile macho yangu yanatafuta kwanza watu kama mimi, na wiki hizi nimezama kwenye China ya kale, kabla haijaunganishwa mwaka 221 KK. Kilichonishtua ni kwamba kule kukosa mguu hakukuwa ulemavu tu, kulikuwa ni hukumu inayotembea, maana kulikuwa na adhabu ya kukatwa mguu, inaitwa yue, yaani watu wakikuona unachechemea wanajiuliza kwanza uliiba nini. Afu wafuasi wa Confucius, mwanafalsafa wa huko huko, nao wanafundisha kwamba mwili umepewa na wazazi, usiuache uharibike hata unywele. Basi aliyekatwa anabeba aibu yake na ya baba na mama.

Kitabu cha Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa zama hizo, kina stori ya Shentu Jia, jamaa aliyekatwa mguu, anasoma kwa mwalimu mmoja na Zichan, waziri mkuu wa dola ya Zheng. Zichan anamwambia nikitoka mimi wewe baki ndani, hataki waonekane pamoja. Shentu Jia anamjibu kwamba amekaa na mwalimu miaka 19 na mwalimu hajawahi kumfanya ajione hana mguu. Hiyo sentensi niliirudia mara tatu nne hivi. Ni hadithi ya kufundishia, sawa, lakini aliyeiandika alishayaona macho ya watu.

Kucheka nako kulikuwepo. Mwaka 592 KK Xi Ke alitumwa na dola ya Jin kwenda dola ya Qi, wengine wameandika alikuwa kibyongo, wengine kiwete, na mtawala wa Qi akamficha mama yake nyuma ya pazia aangalie. Xi Ke anapanda ngazi, mama akaangua kicheko. Mwaka 589 KK Xi Ke akarudi na jeshi, akawapiga Qi pale An, na sharti mojawapo alilodai ni huyo mama akabidhiwe kama mateka. Hakupewa, ila kwa kweli namwelewa.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ya Mian, mwanamuziki asiyeona (wapiga muziki wengi wa ikulu zama zile walikuwa hawaoni, ilikuwa ni kazi ya heshima). Anakuja kumtembelea Confucius. Wakifika kwenye ngazi Confucius anasema hapa ngazi, wakifika kwenye mkeka anasema hapa mkeka, wakishakaa wote anamtajia, fulani yuko hapa, fulani yuko pale. Hamshiki mkono kumburuta, hamsemei, hapandishi sauti kama vile asiyeona ni kiziwi pia. Mimi nimeshavutwa mkono ghafla na mtu mwenye nia njema nikaanguka, najua tofauti yake. Mian alipoondoka mwanafunzi Zizhang akauliza, hivi ndivyo mtu anavyoongea na mwanamuziki? Confucius akamwambia ndiyo, hivi ndivyo anavyosaidiwa.