Nilivyoipata Nafuu ya Kodi Nikiwa Mwanafunzi Marekani

Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliwasilisha ritani ya kodi kana kwamba sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimeingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, mchana nikisomea uuguzi katika chuo cha jamii na usiku nikihudumia wazee katika makao yao. Ilipofika zamu ya kujaza ritani ya 2022, nilimlipa mtayarishaji mmoja ambaye hakukaa na fomu yangu ya W-2, ambayo mwajiri hutoa kuonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, hata dakika kumi na tano. Hakuniuliza kama ninasoma, nami sikujua kwamba swali hilo lina thamani. Nilirejeshewa kile tu kilichokatwa kupita kiasi kwenye mshahara, nikashukuru.

Mwaka uliofuata niliazimia kutafuta mwenyewe makato, yaani gharama ambazo sheria inaruhusu kuzitoa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, na nilianza mahali pasipofaa. Nilikusanya risiti za nauli, za pango la chumba na za bima ya afya, nikaja kugundua kwamba hakuna hata moja inayohesabiwa kuwa gharama ya masomo, hata kama umeilipia chuoni kwenyewe. Kilichosalia ni riba ya mkopo wa wanafunzi, ambayo sheria inaruhusu kuitoa kwenye mapato hadi dola 2,500 kwa mwaka. Yangu ilikuwa dola 38. Mkopeshaji hakunitumia hata fomu ya 1098-E, inayoonyesha riba uliyolipa, kwa kuwa analazimika kuitoa pale tu riba inapofikia dola 600. Niliziandika dola hizo kwa fahari, kisha nikapiga hesabu: makato hupunguza mapato yanayotozwa kodi, si kodi yenyewe, na kwa mtu anayetozwa asilimia 10, dola 38 humwokolea chini ya dola 4.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, mhasibu mstaafu, aliyekuwa akijitolea katika mpango wa VITA (Volunteer Income Tax Assistance), ambao huwajazia ritani bila malipo watu wenye kipato cha chini na cha kadiri. Kabla hajaitazama W-2 yangu aliniuliza iko wapi fomu ya 1098-T, ambayo chuo hutoa kuonyesha karo na misaada ya mwanafunzi. Nilimjibu kwamba sikuletewa barua yoyote. Akaniambia niingie kwenye akaunti yangu ya chuo kwa simu, na hapo, chini ya taarifa za malipo ambazo sikuwahi kuzifungua, tukazikuta fomu mbili, ya 2022 na ya 2023, zikinisubiri.

Ya 2023 ilionyesha dola 4,600 katika kisanduku cha 1, yaani karo iliyopokelewa na chuo, na dola 4,200 katika kisanduku cha 5, yaani misaada ya masomo, ambayo kwangu ilikuwa ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato cha chini. Tofauti yake ni dola 400. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini mzee aliuliza kuhusu vitabu. Nilikuwa na risiti za dola 560, nyingine zimefifia wino kiasi kwamba ilibidi tuziinue kwenye mwanga wa dirisha ili tusome tarehe, na mojawapo ilikuwa ya stethoskopu iliyotakiwa katika somo la mazoezi. Zote zilikubalika, ingawa nilinunua kila kitu nje ya duka la chuo, kwa sababu nafuu iitwayo American Opportunity Tax Credit inahesabu vitabu na vifaa vinavyohitajika katika masomo popote vilikonunuliwa.

Nafuu hiyo hupunguza kodi yenyewe, dola kwa dola. Hukupa dola 2,000 za kwanza ulizotumia kwa ukamilifu, na robo ya 2,000 zinazofuata, hivyo kikomo chake ni dola 2,500. Na asilimia 40 yake, yaani hadi dola 1,000, waweza kulipwa hata kama hudaiwi kodi yoyote. Sharti uwe unasomea shahada au cheti kinachotambulika, uwe umesajiliwa kwa angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo, na usiwe umeidai zaidi ya miaka minne. Kwa gharama zangu za dola 960, ningepata nafuu ya dola 960.

Hapo ndipo mzee alipogeuza kikokotoo chake kunielekea. Alinieleza kwamba ruzuku ya Pell inaruhusiwa kutumika kwa pango na chakula, na kwamba mwanafunzi anaweza kuchagua kuihesabu sehemu yake kuwa ilikwenda huko. Sehemu hiyo inageuka mapato yanayotozwa kodi, lakini karo inayobaki inahesabiwa kuwa uliilipa kwa fedha zako. Mshahara wangu ulikuwa dola 21,000, na baada ya kutoa kiwango cha kawaida kisichotozwa kodi, ambacho mwaka huo kilikuwa dola 13,850, kodi yangu ilikuwa karibu dola 715. Kwa njia ya kwanza, nafuu ya dola 960 ingeifuta kodi hiyo na kuniachia dola 240 hivi. Kwa njia ya pili tuliongeza dola 3,040 za ruzuku kwenye mapato, kodi ikapanda hadi karibu dola 1,020, lakini gharama za masomo zikafika dola 4,000 na nafuu ikafika kikomo. Kodi yote ikafutika, na juu yake nikalipwa dola 1,000. Nilimwomba arudie hesabu mara mbili, maana sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufaidika kwa kujiongezea mapato yanayotozwa kodi. Alinionya kwamba njia hii haimfai kila mtu: baadhi ya misaada hufungwa kwenye karo pekee, na kodi ya jimbo ina hesabu zake.

Umri nao ulinisaidia, kwani nilikuwa nimevuka miaka 24 na hakuna aliyenihesabu kuwa tegemezi. Binamu yangu wa miaka 20 aliiga nilichofanya bila kuuliza, akajaza kwamba hategemei mtu. Ritani ya shangazi, mama yake, ikakataliwa na mtandao kwa sababu nambari ya utambulisho ya kijana ilikuwa imekwisha kutumika. “Mwanangu, nyumba ninalipa mimi, chakula ninapika mimi, leo serikali inaniambia huna mzazi?” alilalamika, na alikuwa na haki: mwanafunzi anayehesabiwa kuwa tegemezi, nafuu ya masomo yake hudaiwa na mzazi. Ilibidi ritani ya kijana irekebishwe.

Wenzangu waliokuja kwa viza ya masomo ya F-1 niliwaambia mapema kwamba hadithi yangu si yao. Katika miaka mitano ya kwanza kwa kawaida wao huwasilisha fomu ya 1040-NR, ritani ya wasiohesabiwa kuwa wakazi kwa ajili ya kodi, pamoja na 8843 ya kueleza siku walizokaa nchini, na hawaruhusiwi kudai nafuu hii. Anayeidai kwa uzembe anaweza kuzuiwa asiidai tena kwa miaka miwili. Kwa udanganyifu, miaka kumi.

Iliyobaki ilikuwa ritani ya 2022. Sheria hutoa miaka mitatu ya kurekebisha, kwa hiyo tulijaza fomu ya 1040-X ya marekebisho pamoja na ya 8863 ya kudai nafuu ya masomo. Muhula ule sikuwa na ruzuku, karo ya dola 2,300 niliilipa kwa mkopo, na karo ya mkopo huhesabiwa kuwa umeilipa mwenyewe. Vitabu vilikuwa dola 310. Baada ya miezi kadhaa ya kungoja ilifika hundi ya dola 1,469 pamoja na riba ya dola chache kwa muda ambao fedha zangu zilikaa serikalini. Riba hiyo nayo ni mapato, nami niliiandika kwenye ritani ya mwaka uliofuata.